Naomba ushauri: mpindo kwenye skrini ni laini, nikishachonga mwanga unayumba

MchoraTangi

Habari za wakati huu wakuu. Wiki ya tatu sasa nahangaika na kitu kimoja, nimekwama.

Nachora tangi la mafuta la pikipiki kwenye kompyuta. Nilipiga picha ya tangi kwa ubavuni, nikaiweka nyuma ya mchoro, nikaifuatisha kwa splaini, ule mstari wa kupinda ambao kompyuta inaupitisha kwenye pointi unazoweka, nikibofya pointi moja baada ya nyingine. Jumla zimefika 43 kwenye urefu wa kama milimita 420. Mwisho wa nyuma nimeweka tao lenye nusukipenyo cha milimita 120, likaungana na mstari mnyoofu. Kwenye skrini hakuna kasoro hata moja.

Nikachonga mfano wa povu kwa mashine, nikapaka puti, nikapiga msasa, nikamalizia na rangi nyeusi ya kung'aa. Nilipouweka chini ya taa ndefu ya tyubu, ule mwanga unaopaswa kupita juu ya tangi kama uzi ulionyooshwa ukawa unayumbayumba, na pale tao linapokutana na mnyoofu unapiga kona. Nikadhani ni msasa, nikarudia kazi yote. Kasoro ziko palepale. Nakosea wapi?

KalamuNaRula

Mkuu, kabla hatujafika mbali: faili ulilopeleka kwenye mashine lilikuwa la pembetatu, yaani uso wote umegawanywa vipande bapa vya pembetatu? Ukihifadhi kwa pembetatu kubwa, mashine inachonga vipande bapa na rangi ya kung'aa inavionyesha vyote.

MchoraTangi

Nililikagua hilo mkuu. Nimeruhusu pembetatu zikengeuke na umbo halisi kwa milimita 0.01 tu, kwa hiyo ni ndogo mno. Na mawimbi yenyewe ni mapana kuliko pembetatu.

BiVipimo

Basi tatizo ni mchoro wenyewe, na ni zile pointi 43. Wengi tunaanza hivyo, tukiamini pointi nyingi zinaleta ulaini. Ni kinyume chake.

Chukua sehemu ya tangi lako yenye nusukipenyo cha milimita 200. Pointi zako zimeachana kama milimita 10. Ukiunganisha pointi mbili kwa mstari mnyoofu ukairuka ile ya katikati, hiyo ya katikati inakaa robo milimita tu kutoka kwenye mstari. Robo milimita! Sasa mkono wako kwenye kipanya, juu ya picha yenye ukungu pembeni, unakosea kiasi gani? Ukikosea hiyo robo kuelekea ndani, mahali hapo pamekuwa bapa. Ukikosea kuelekea nje, mpindo umekuwa mkali maradufu. Na splaini inayolazimishwa kupita kwenye kila pointi haina ujanja, itapita humohumo kwenye makosa yako yote. Pointi zikiachana milimita 60, ile ya katikati inakaa kama milimita 9 kutoka kwenye mstari, na kosa la robo milimita halisikiki.

Ufanye hivi. Futa yote. Tumia splaini ya aina nyingine, ile ambayo pointi za kati hazikai juu ya mpindo bali zinauvuta kwa pembeni. Anza na daraja la 5 (daraja ni kipeo cha juu kwenye hesabu ya mpindo, programu inakuuliza) lenye pointi 6 tu kwa urefu wote. Isipofuata picha, usiongeze pointi haraka, zisogeze kwanza. Ikishindikana kabisa, gawanya mpindo sehemu mbili pale umbo linapobadilika tabia.

Halafu washa kitana cha mpindo. Karibu kila programu ya uchoraji inacho: vijino vinasimama kwenye mstari, virefu mahali mpindo ni mkali, vifupi mahali umetulia, na kwenye mnyoofu havipo kabisa. Usiangalie mstari tena, angalia ncha za vijino. Zikipanda na kushuka kama msumeno, hayo ndiyo mawimbi unayoyaona kwenye rangi.

MzeeWaUbao

Kijana wangu, msikilize Bi Vipimo. Sisi tuliochora kwa mkono tulikuwa na kifito chembamba cha mbao. Unakibana kwa vizito vya risasi vilivyoitwa bata, kisha unapitisha penseli. Kifito hicho ndicho splaini yenyewe, jina la kwenye kompyuta limetoka huko, kwa watu wa kuchora meli. Kanuni ya kwanza kufundishwa ilikuwa kuondoa bata: unainua mmoja, kifito kinaruka kidogo, kinatulia. Kikiruka, ujue bata yule alikuwa anakilazimisha. Unaendelea hadi wanabaki wachache wanaohitajika kweli. Hiyo njia ya pointi za kuvuta kwa pembeni ilitoka kwenye magari, de Casteljau akiwa Citroën mwaka 1959 na Bézier akiwa Renault miaka ya 1960, kwa shida hiihii ya bodi inayong'aa.

ChumaNaNati

Mimi natengeneza mabano na vishikio, matao na minyoofu vinanitosha na fundi anavipima kirahisi. Msimwambie aache matao kabisa.

BiVipimo

Kwa bano uko sahihi kabisa ndugu yangu, hata mimi ningechora tao. Ila kwenye kitu kinachong'aa, pale tao la 120 linapogusa mnyoofu, mwelekeo unalingana lakini ukali wa mpindo unaruka kutoka sifuri hadi 1/120 ghafla. Kiungo cha namna hiyo, kinacholingana mwelekeo tu, ndicho kinaitwa G1. Mwanga haukatiki, unapiga kona, sawasawa na alivyoeleza mwenyewe. Anahitaji G2, ukali wa mpindo ulingane pande zote mbili za kiungo.

MchoraTangi

Nimerudi wakuu. Nimechora upya: mipindo miwili, pointi 6 kila mmoja, na tao nimelitoa. Kitana kimetulia, nilikaa nikikiangalia dakika nzima. Bado mambo mawili. Mpindo wa kukata tangi kwa upana nachora nusu kisha naugeuza kwa kioo, na katikati panabaki kama mgongo mwembamba. Pia nikirekebisha kiungo kikae G2, nikigusa pointi yoyote kinaharibika.

BiVipimo

La kioo: pointi ya kwanza iwe juu ya mstari wa kioo, na ya pili ikae kwenye mstari unaokutana na kioo kwa pembe mraba. Umbo likishakuwa sawa pande zote, G2 inakuja yenyewe hapo. Ukitaka pasionekane kabisa, kagua kitana pia: ncha za vijino zivuke katikati bila kuchongoka.

La kiungo: hesabu pointi kuanzia kwenye kiungo. Ya pili inashika mwelekeo, isogeze tu kwenye mstari wa mguso, yaani ule mnyoofu unaotoka kwenye kiungo kuipitia, na ukiisogeza ukali wa mpindo utabadilika. Ya tatu inashika ukali, lakini kinachohesabika ni umbali wake kutoka kwenye mstari huo wa mguso. Kwa hiyo unaweza kuitelezesha sambamba na mstari huo, mbele au nyuma, kiungo kisiguswe. Humo ndimo unapata nafasi ya kulainisha tumbo la mpindo.

MchoraTangi

Nimetelezesha ile ya tatu kama milimita 15 kuelekea kwenye kiti. Kiungo hakijatikisika, na lile tumbo lililokuwa linanisumbua limeshuka. Mashine inachonga povu jipya sasa hivi. Nikishapaka rangi naleta picha chini ya taa ileile.