Miti ya maziarani: ikatwe au iachwe?

Jirani wa Maziara: Hamjambo jamaa. Hapa Tudor, Mombasa, nyumba yangu na maziara ni ukuta kwa ukuta. Mtaani pana maneno kwamba miti yote mle ikatwe, itandikwe kabro, yale matofali ya saruji ya kutandika chini, "pawe nadhifu". Wana sababu: vichaka vinaficha wahuni, na kunguru wamezidi. Lakini saa nane mchana lami inapika hadi ndala zanata; ukifika pale langoni chini ya mikilifi (miarobaini), jasho lakauka. Masika maji yatuingia hadi vizingitini, mle ndani ardhi yayanywa. Je, nina hoja ya kupeleka kwa wazee, au ni tamaa yangu ya kivuli tu?

Mchimbaji: Dada, mimi huchimba makaburi. Mizizi ya mkilifi ni balaa: shoka kwanza, jembe baadaye, na maiti yuko njiani. Ila kabro sitaki hata kuisikia. Nafasi hakuna, makaburi ya kale yanarudiwa. Mkishatandika, nichimbe wapi?

Mwalimu wa Bayolojia: Hoja unayo, Bi, lakini usiitetee miti yote sawasawa. Mkilifi ulitoka Bara Hindi, na ndege na popo wameshasambaza kokwa zake hadi misitu ya kaya, ile mitakatifu ya Wamijikenda. Mbuyu ndio wa kufa nao. Ua lake hufunguka usiku, popo wanalifuata kwa utamu na kuondoka na chavua usoni. Ukiukata ukapanda mwingine leo, ubuyu wataula wajukuu. Kunguru nao, wale wa shingo ya kijivu, ni wageni vilevile, wanafuata jaa. London kuna makaburi ya Abney Park, yaliyofunguliwa 1840 yakiwa na aina 2,500 hivi za miti na vichaka. Leo ni hifadhi ya viumbe, na makaburi yapo palepale.

Ami wa Kibokoni: Wazee wakumbushe Mtume (s.a.w.) alivyopasua kuti bichi akachomeka juu ya makaburi mawili. Hapo watatulia.

Jirani wa Maziara: Ahsanteni. Jaa kweli liko nyuma ya ukuta, na wanaomwaga ndio hao wanaolalamikia kunguru! Kikao ni baada ya swala ya Ijumaa. Nitaomba mibuyu iachwe, mikilifi ya njiani ipogolewe, kabro iishie langoni jeneza linapopita. Kaka Mchimbaji, tafadhali uje, lile la kuchimba uliseme wewe. Mimi wataniuliza nimepika nini.