Naomba ushauri: binti yangu aanzie Behrend kisha ahamie University Park, au tutafute njia nyingine?

BabaFuraha_Erie

Ndugu zangu, salaam. Naomba ushauri wa wale waliosoma Penn State, chuo kikuu cha jimbo letu la Pennsylvania chenye kampasi nyingi, au wenye watoto waliopita huko, kwa kuwa muda wa kuthibitisha nafasi umebaki mfupi na hapa nyumbani bado hatujaafikiana.

Binti yangu, mzaliwa wa kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, anamaliza sekondari mwaka huu hapa Erie, Pennsylvania. Aliomba kwenda University Park, kampasi kuu iliyoko katika mji wa State College, akasomee uhandisi wa tiba, yaani ule wa kubuni viungo bandia, mashine za kupimia moyo na vifaa vingine vya hospitali. Jibu lililokuja linasema kwamba Penn State imempokea, ila aanzie Behrend, kampasi ya hapa hapa Erie, kwa miaka miwili, ndipo ahamie University Park kumalizia miwili iliyobaki. Wenyewe wanauita mpango wa 2+2. Aliisoma barua mpaka mwisho, akaikunja, akairudisha ndani ya bahasha na kuniambia, "Baba, wamenikataa kwa adabu." Mimi sikuiona hivyo, lakini sikuwa na maneno ya kumjibu.

Yako mambo yanayonisumbua. Kwanza, je, shahada ya mtu aliyeanzia kampasi ya mkoani inahesabiwa sawa na ya aliyeanzia makao makuu? Pili, ahadi ya kuhama ni ya uhakika kiasi gani? Tatu, binamu yangu anashauri tuachane na Penn State kwa sasa, binti aende chuo cha jamii cha kaunti yetu kilichofunguliwa mwaka 2021, kwa sababu ada yake ni ndogo zaidi, halafu aombe uhamisho baadaye.

Niseme na la nne, maana sipendi kulificha. Mama yake Kiingereza bado kinampa taabu, na binti huyu ndiye anayemsindikiza kliniki na kumsomea barua za serikali. Moyoni nafurahi kwamba angebaki nyumbani miaka miwili zaidi, lakini naogopa kumshauri kwa faida yangu badala ya yake.

Neema_2plus2

Shikamoo baba Furaha. Nilipita njia hiyo hiyo: nilianzia kampasi ya Altoona, nikahamia University Park mwaka wa tatu, na leo ni mhandisi wa mitambo. Naomba nijibu kwa kirefu kwa sababu swali lako la pili ndilo zito, na watu wengi hulipita juu juu.

Kuhusu shahada, mwambie mdogo wangu atulie. Chuo kikuu ni kimoja, na cheti kinaandikwa jina la chuo bila kutaja kampasi. Hata angemalizia Behrend yenyewe angepewa cheti hicho hicho. Wala Behrend si kituo cha kupokea waliokosa nafasi kwingine. Ilianza mwaka 1948 kwa shamba ambalo Mary Behrend alilitoa kumkumbuka mumewe na mwanawe, na leo mtu anaweza kusoma hapo uhandisi wa mitambo, wa umeme au wa kompyuta kuanzia mwaka wa kwanza mpaka wa nne. Fani ya binti yako ndiyo inayomlazimu kuhama, kwa kuwa hiyo humalizikia University Park.

Sasa hapa kwenye kuhama. Kuhamia kampasi nyingine na kukubaliwa katika fani ni mambo mawili, na mtu asipoyatenganisha mapema huja kushtuka mwaka wa pili ukielekea mwisho. Anapoanza, binti yako atakuwa mwanafunzi aliye katika maandalizi ya uhandisi. Fani yenyewe ataiomba baadaye. Ili akubaliwe, lazima awe amepata C au zaidi katika MATH 140 na MATH 141, ambazo ni kalkulasi, katika CHEM 110, ambayo ni kemia, na katika PHYS 211, fizikia ya mwendo na nguvu. Juu ya hapo, fani zenye nafasi chache hutazama wastani wa alama wa mwanafunzi akiwa amekusanya krediti (vipimo vya uzito wa masomo aliyokamilisha) kati ya 40 na 59. Wastani unaotakiwa hutofautiana kati ya fani na fani na kati ya mwaka na mwaka, kwa hiyo asikariri namba aliyoambiwa na rafiki. Amwombe mshauri wa masomo ile inayohusu mwaka wake wa kuingia, tena kwa maandishi.

Wanaoanzia University Park nao wanapimwa kwa kipimo hicho hicho. Ninalisisitiza hili kwa sababu binti anaamini kwamba wenzake wa kule wameshavuka mto. Bado hawajavuka. Yuko aliyepelekwa moja kwa moja University Park akafundishwa kemia ndani ya ukumbi wenye mamia ya wanafunzi, akakosa mtu wa kumuuliza, na fani aliyoitaka ikamponyoka. Mimi Altoona mwalimu wa kalkulasi alinijua kwa jina. Nilipokosa hesabu za muunganiko wa mfululizo alinikalisha ofisini mpaka nikaona kosa lilianzia mstari gani. Sidhani kama ningeipata alama ile pasipo yeye.

MzeeWaYork

Ndugu yangu, mimi naongeza jambo moja tu. Mwezi Mei 2025 baraza la wadhamini la Penn State lilipiga kura kufunga kampasi saba baada ya muhula wa masika wa 2027: DuBois, Fayette, Mont Alto, New Kensington, Shenango, Wilkes-Barre na York. Behrend haimo, kwa hiyo binti yako hana sababu ya kuhofu. Nalisema kwa ajili ya wazazi wengine watakaosoma hapa wakiwa na barua inayotaja mojawapo ya hizo saba. Mtoto ambaye kampasi yake inafungwa lazima aulize mapema atapelekwa wapi na msaada wake wa ada utakuwaje. Sisi wa York jambo hili limetuumiza, maana kampasi hii ilikuwa karibu na watu wasio na gari.

Mwalimu_wa_Hesabu

Nimewafundisha vijana wetu hesabu hapa Pittsburgh kwa muda mrefu, na kosa ninaloliona likijirudia hutokea kabla hata chuo hakijafunguliwa.

Penn State hutumia mtihani wa ALEKS kupanga mwanafunzi aanze na somo gani la hesabu. Watoto wengi huufanya usiku mmoja wamechoka, wakidhani ni fomu kama fomu nyingine. Alama zikiwa chini, mwanafunzi hupangiwa kwanza somo la maandalizi, MATH 26 au MATH 41, kabla ya kuruhusiwa kugusa MATH 140. Kwa anayesomea historia hilo halina madhara makubwa. Kwa anayetaka uhandisi, muhula mzima umekwenda: kalkulasi ya kwanza inasogea masika, ya pili inaangukia mwaka wa pili, fizikia nayo inasubiri, na wakati huo huo krediti za masomo mengine zinaendelea kujaa kuelekea zile 59 ambazo dada Neema amezitaja. Mwanafunzi mwerevu anaweza kujikuta anahesabiwa kuwa amechelewa ilhali hajafeli somo hata moja.

Kwa hiyo, baba Furaha, kabla ya kuzungumzia kampasi, mwulize binti ameshafanya ALEKS au bado. Kama bado, apitie upya hesabu za vipeo, logi na trigonometria, aufanye asubuhi mahali tulivu, na asitumie msaada wa mtu wala wa simu, kwa sababu alama za bandia zitampeleka katika darasa ambalo hataliweza. Akipata chini ya alichohitaji, mfumo wenyewe una mazoezi ya kujisahihisha, kisha anaweza kuurudia.

Kuhusu chuo cha jamii, binamu yako hajakosea katika hesabu ya fedha, na sitamdharau. Ila atakayetoka nje ya Penn State huhamisha krediti bila alama. Kila somo hulinganishwa kwanza na la kwao, na lisilolingana hubaki kuwa krediti isiyotumika katika fani. Kwa mtu wa ualimu au biashara njia hiyo inaweza kufaa sana. Kwa mhandisi, ambaye masomo yake yanafuatana kwa mpangilio mkali, somo moja likikataliwa huchelewesha yote yaliyo nyuma yake. Ndani ya Penn State alama zote humfuata, nzuri na mbaya, na hilo nalo ajue: D ya Behrend itakuwa D University Park.

BabaFuraha_Erie

Mmenifungua macho, nawashukuru. ALEKS bado hajaifanya. Kumbe ujumbe wake umekaa kwenye barua pepe bila kufunguliwa. Naomba mniambie pia kuhusu fedha na makazi, kwa kuwa nikijumlisha miaka minne naona miwili ya mwisho ndiyo itakayotulemea.

MamaTumaini

Umeona sawasawa, kaka. Ada ya Behrend iko chini kuliko ya University Park, na mtoto akilala nyumbani unaokoa bweni na chakula. Lakini Penn State huongeza ada mwanafunzi anapovuka takriban krediti 60, na wahandisi ni miongoni mwa wanaotozwa zaidi. Kwa hiyo gharama inapanda kwa pamoja: kampasi ghali zaidi, kiwango cha juu zaidi, na kodi ya nyumba ambayo hukuwa nayo. Ruzuku ya Pell ya serikali kuu, ambayo kwa mwaka wa masomo 2025–26 haizidi dola 7,395, humfuata popote ndani ya chuo mradi fomu ya FAFSA, ile ya kuombea msaada wa masomo, ijazwe kila mwaka, na ruzuku ya jimbo itolewayo kupitia PHEAA, shirika la jimbo la misaada ya masomo, ina masharti yake. Ufadhili unaotolewa na kampasi yenyewe ni jambo jingine, mwingi hubaki huko huko. Ukiona Behrend wamempa fedha, uliza swali moja: "Akihamia University Park, fedha hii inahama naye?"

Kuhusu makazi, sikiliza vizuri, maana hapa wageni huumia. Mabweni ya University Park huchukuliwa kwa wingi na wa mwaka wa kwanza, kwa hiyo wanaohamia mwaka wa tatu wengi hupanga mjini. Nyumba za wanafunzi State College huanza kusainiwa majira ya vuli ya mwaka unaotangulia, karibu mwaka mzima kabla ya kuhamia, na mikataba mingi ni ya miezi 12, Agosti hadi Agosti, hata kama mtoto atarudi nyumbani wakati wa likizo. Mwanangu alikuwa Behrend bado anahangaika na PHYS 211 wakati wenzake watarajiwa walikuwa wanagombania vyumba. Alimpata mwenzake wa Behrend aliyekuwa anahama naye, tukasaini pamoja, na sisi wazazi tukaombwa kuwa wadhamini wa kodi. Anza kuweka akiba ya dhamana ya nyumba tangu sasa, hata kama ni kidogo kila mwezi.

Neema_2plus2

Baba, naomba nirudi kwenye jambo lako la nne, kwa heshima zote.

Mimi pia nilikuwa mkalimani wa nyumbani. Kubaki karibu na familia kulinisaidia kuliko ninavyoweza kueleza. Nilipofeli jaribio la kwanza la kemia nilikula chakula cha mama usiku ule ule. Lakini mwanafunzi anayelala nyumbani huonekana hana kazi, kwa sababu yupo. Anaitwa sebuleni kusoma barua, anaombwa kuwapeleka wadogo zake, anaambiwa miadi ya hospitali ni Jumanne saa nne na hakuna anayekumbuka kwamba saa nne ni maabara. Hospitali na kliniki zinazopokea fedha za serikali kuu zina wajibu wa kutoa mkalimani bila malipo, na mama ana haki ya kumwomba wa Kiswahili anapopanga miadi. Anzeni kuizoea huduma hiyo kiangazi hiki, wakati binti bado yupo kumwelekeza mama. Halafu mpatie meza yake na saa zake, na akitaka kubaki maktaba ya Behrend mpaka jioni, mruhusu, mradi usafiri wa kurudi umepangwa. Theluji ya Ziwa Erie mnaijua wenyewe.

Jambo la mwisho ni la ajira. Akifika University Park, mwaka wa tatu, maonyesho makubwa ya ajira hufanyika mwanzoni mwa vuli, wiki chache tu baada ya kufungua. Wenzake watakuwa wanajua mlango wa kuingilia na foleni ya kupanga. Yeye afike akiwa na wasifu wake umeshasomwa na ofisi ya ajira ya Behrend, na awe amefanya kazi walau na profesa mmoja. Behrend si rahisi mwanafunzi wa mwaka wa pili kupotea machoni pa maprofesa, kwa hiyo aitumie nafasi hiyo kugonga milango yao. Aulize pia kama lipo somo la mwaka wa pili la fani yake lisilofundishwa Behrend. Likiwapo, apange kulisoma majira ya joto ili mwaka wa tatu usimrundikie mzigo.

BabaFuraha_Erie

Dada Neema, maneno yako kuhusu maabara na miadi nimemsomea mama Furaha, naye ameyapokea. Amesema miadi yake ijayo ataomba mkalimani mwenyewe, nami nitakaa pembeni.

Binti nimempa uzi huu asome kuanzia juu. Aliuliza maswali mengi kuhusu krediti 40 na 59, jambo ambalo mimi nisingeweza kumweleza, na ameandika barua kwa mshauri wa masomo wa Behrend kuomba namba ya mwaka wake. Mtihani wa ALEKS ataufanya Jumamosi asubuhi katika maktaba ya mjini. Nafasi ya Behrend tutaithibitisha wiki hii. Mwalimu, akikwama kwenye trigonometria, naomba ruhusa akuandikie.

Mwalimu_wa_Hesabu

Aandike bila kusita. Anitumie picha ya swali pamoja na hatua alizofanya, hata zile anazoziona si sahihi, kwa sababu hizo ndizo zitakazonionyesha pa kuanzia.