StarMax 6000 ya Motorola: bodi yake naweza kuipata wapi?

Fundi wa Kibuye (Kisumu):
Hamjambo wakuu. Nina kibanda cha kutengeneza kompyuta karibu na soko la Kibuye. Juzi mama mmoja aliyekuwa akifunga ofisi yake aliniletea mnara wa zamani, umefungwa kwa kitambaa cha meza: Motorola StarMax 4000. Mimi Motorola nilikuwa naijua kwa simu tu, kumbe huu ni wa ukoo wa Macintosh, zile kompyuta za Apple! Tena nyuma una tundu la VGA, skrini yangu ya kawaida imeingia bila adapta. Nikiuwasha, feni inazunguka lakini skrini ni nyeusi tupu. Betri ya saa imetoa unga mweupe hadi kwenye bodi.

Nimesoma kwamba kulikuwa na StarMax 6000 yenye prosesa ya G3. Nataka bodi yake niipandikize humu. Niitafute wapi?

Nyar Kondele:
Kaka, kabla ya bodi nyingine, toa hiyo betri leo. Huo unga unakula shaba. Chovya mswaki kwenye siki kidogo, sugua polepole, kisha pitisha spiriti na uache ikauke kabisa. Usiiwashe tena kabla ya hapo.

Mzee wa Matbaa (Nakuru):
Kijana wangu, usipoteze nauli kuitafuta. 6000 ilitangazwa mwaka 1997, lakini haikuwahi kufika dukani.

Nilikuwa nikipanga kadi za harusi na karatasi za mitihani kwa Macintosh hapa Nakuru. Kipuri kikiharibika, safari ni Nairobi, na kazi ya mteja inalala. Ndiyo maana niliposoma habari za 6000 kwenye gazeti la kompyuta nilikata ule ukurasa nikaubandika ukutani, juu ya mashine ya kukatia karatasi. Ilijengwa kwa mpango wa CHRP, ambao Apple, IBM na Motorola waliukubali pamoja ili kompyuta zenye prosesa za PowerPC, ukoo wa hiyo G3, zitumie vipuri vya kawaida na ziweze kuendesha mifumo zaidi ya mmoja. Kwa mtu wa matbaa ya mjini kama mimi, hiyo ilikuwa habari kubwa kuliko hata kasi ya G3.

Kilichoizuia hakikuwa ufundi. Leseni ambazo Apple ilizipa kampuni nyingine, Motorola ikiwemo, za kutengeneza nakala za Macintosh zilihusu System 7, mfumo endeshi wa Macintosh wa wakati huo. Steve Jobs aliporudi Apple, toleo la Julai 1997 likaitwa Mac OS 8, kwa hiyo wenye leseni wakahitaji mkataba mpya. Septemba hiyo Apple ilinunua leseni ya Power Computing, kampuni nyingine ya nakala hizo, kwa hisa za dola milioni 100, na mwezi huohuo Motorola ikatangaza kwamba inaacha kutengeneza kompyuta hizo. Power Computing nao walikuwa na mnara wa G3 waliokwisha kuuonyesha watu. Nao ukaishia hapohapo. Novemba Apple ikatoa Power Macintosh G3 yake.

Hata ungeipata hiyo bodi, 4000 yako ni ya ubunifu mwingine. Prosesa yake imelehemiwa. Ukitaka G3, tafuta kadi inayoingia kwenye tundu la kache (kumbukumbu ndogo ya haraka ya prosesa). Hizo zilitengenezwa na zikauzwa. Ila iponye kwanza uliyo nayo. Motorola walizitengeneza muda mfupi sana, na sidhani kama Kisumu nzima kuna ya pili.

Fundi wa Kibuye:
Shukran sana, mzee wangu. Nyar Kondele, siki imefanya kazi! Nimeiacha juani tangu asubuhi, nikaweka betri mpya, na saa kumi jioni skrini ikafunguka rangi ya kijivu. Katikati kuna picha ya flopi yenye alama ya kuuliza, inawaka na kuzima.

Mzee wa Matbaa (Nakuru):
Hiyo imepona. Inatafuta mfumo tu, diski yake ni tupu. Nina sidii ya mfumo wa Mac OS 7.6 kwenye kabati. Niandikie faraghani unitumie nambari yako, niiweke kwenye gari la Kisumu la Jumamosi asubuhi.

Fundi wa Kibuye:
Nitakuwa stendi nikiisubiri.