Mume wangu ana VVU, mimi sina: nianzeje dawa kinga?

Muuza mahindi, Kibaigwa
Habari zenu, wapendwa. Mwezi uliopita mimi na mume wangu, ambaye ni dereva wa lori, tulipima pamoja. Yeye akakutwa na VVU, mimi sikukutwa navyo. Ameanza dawa za kufubaza virusi, na tunatamani mtoto wa pili. Jirani amenishauri nimeze vidonge vya mume wangu kwa kuwa eti dawa ni ileile. Naomba ushauri, maana sitaki kumwacha wala sitaki kuambukizwa.

Tabibu, Dodoma mjini
Pole, dada yangu, na hongereni kwa kupima pamoja. Tafadhali usiguse vidonge vya mumeo: ni mchanganyiko wa matibabu, si dawa kinga, yaani ile anayomeza asiye na VVU ili asiambukizwe, na kila unachochukua kinampunguzia dozi. Nendeni wote CTC, kliniki ya huduma na matibabu ya VVU, mseme waziwazi kwamba ninyi ni wenza wenye majibu tofauti. Utapimwa tena kwanza, kwa sababu aliyekwisha kuambukizwa akitumia dawa kinga peke yake, virusi vyake vinaweza kuwa sugu. Figo na homa ya ini B pia huangaliwa. Kidonge cha dawa kinga ni kimoja kila siku. Shirika la Afya Duniani linaelekeza siku 7 za kumeza kabla ya kukitegemea, ingawa watoa huduma wengine husubiri hadi 21, na katika siku hizo mtumie kondomu. Ikipasuka kabla hujaanza, wahi kituo cha afya ndani ya saa 72 upewe dawa za siku 28.

Mama wa Manyoni
Mimi nimepita huko huko. Wiki mbili za kwanza kichefuchefu kilinitesa, hasa nikimeza kabla ya kula, kisha kikaisha. Nikisafiri kwa basi nilikuwa natia pamba ndani ya kopo ili vidonge visilie, kwa sababu watu wakisikia mlio ule wanakuhukumu kwamba unaumwa, na jambo hilo linaniuma hadi leo. Mume wangu alipoendelea kupimwa na virusi havionekani, tabibu alitueleza kwamba hawezi tena kuniambukiza kwa ngono, nikaacha kwa ushauri wake.

Muuza mahindi, Kibaigwa
Ahsanteni sana. Anarudi Ijumaa, tutakwenda wote. Nikishika mimba, je, niache?

Tabibu, Dodoma mjini
Usiache kwa sababu ya mimba wala kunyonyesha. Mama akiambukizwa katika kipindi hicho, virusi huwa vingi mwilini na humfikia mtoto kwa urahisi zaidi.