Jiko la kuni lenye chimni, Molo: 45,000 zitarudi lini?

Mama Wawili
Hamjambo. Niko Molo, huku juu karibu mita 2,500, Julai maji ya ndoo yanauma mpaka meno. Nyumba ni ya mawe, mabati juu, dari hakuna. Mama mkwe ana miaka 78 na magoti yake hayapatani na baridi, basi kila jioni tunawasha makaa nje, yakishika tunaingiza jiko sebuleni. Dirisha naacha wazi kidogo. Nikigeuka tu, amelifunga. Wiki jana nilisinzia hapo nikaamka kichwa kinanigonga, nikamkuta amelala kitini, nikamtoa nje mbio. Alikuwa mzima. Alinigombeza kwa kumkatizia usingizi.

Fundi mmoja wa jua kali Nakuru ana jiko la kuni la chuma, lina mlango na chimni ya kutokea paani. Jiko 38,000, chimni na kufunga 7,000. Sasa hivi kwa mwaka namaliza magunia 15 ya makaa, kila moja 2,000, yaani 30,000. Kuni nakadiria 12,000. Nikiokoa 18,000, miaka miwili na nusu pesa zimerudi. Mzee anasema tununue hita ya stima ya 4,000 tumalize maneno. Nipeni akili.

Baba Chebet
Mwambie mzee hita ya wati 2,000 ikiwaka saa nne imekula uniti nane. Kwangu uniti ni kama shilingi 28. Hiyo ni 224 kila jioni, mwezi 6,720. Halafu stima ipotee siku ya mvua, kama kawaida.

Fundi wa Elburgon
Mama, hayo makaa yasiingie tena ndani, hata leo. Hewa yake yenye sumu haina harufu, na mtu aliyelala haamki kukwambia.

Jiko lenye mlango ni zuri kwa sababu unapunguza hewa, kuni zinaungua polepole. Moto wa wazi, joto jingi linapanda na moshi. Lakini kuni ziwe kavu! Mti uliokatwa jana karibu nusu ya uzito ni maji, utalipia kuchemsha maji hayo kwanza, na masizi yatagandamana kwenye chimni kama lami. Pasua Januari, panga mahali penye paa na upepo. Gonganisha vipande viwili: vikavu vinalia *ko!*, vibichi vinanung'unika.

Na uliza bomba litapitaje kwenye mbao za paa. Langu la kwanza liligusa mbao, likaacha duara jeusi ukubwa wa sufuria. Mke wangu hajalisahau.

Nyanya wa Njoro
Binti yangu, hayo magunia 15 yote ni ya kuota moto? Githeri unachemshia wapi? Na bila dari utakuwa unapasha mabati joto.

Mama Wawili
Nyanya umenikamata. Magunia matano ni ya githeri. Basi ya kuota ni 20,000, toa kuni 12,000, naokoa 8,000 tu. Miaka mitano na nusu!

Nimempigia fundi sasa hivi. Juu ya jiko ni bapa, sufuria kubwa inakaa, kwa hiyo githeri itahamia huko. Dari ya sebule tutaanza nayo mwezi huu. Jiko la makaa liko nje, na mama mkwe amejifunika blanketi mbili, hanisemeshi.

Nyanya wa Njoro
Mjazie chupa ya maji moto aweke magotini. Atakusemesha.