Siku nne na mbwa wawili kwenye kempa: Seven Sisters, Purbeck au Exmoor?

Kibibi_Reading
Hamjambo wapendwa. Mimi na mzee wangu tumekodi kempa (gari la kulala na kupikia ndani) siku nne, Jumatatu mpaka Alhamisi, katikati ya Mei. Ni ya kilo 3,500, kwa hiyo leseni yangu ya gari dogo inatosha. Tuna mbwa wawili: Bosi, Labrador wa miaka 11 ambaye nyonga zimechoka, na Pilipili, kadogo, akiona kondoo husahau kabisa jina lake.

Tunataka vilima vya pwani, upande huu nyasi, upande ule bahari. Nimebaki na sehemu tatu za kusini mwa England: Seven Sisters (Sussex), Purbeck (Dorset) na Exmoor (Somerset na Devon). Mliokwisha kwenda mnasemaje? Kuhusu mbwa kulala gari moja na watu, mama yangu kule Mvita keshanisomea risala yake kwa simu, hamna haja ya kuongeza.

Juma_Eastbourne
Dada, mimi mwenyeji wa huku na mwamba ngoma huvutia kwake, kwa hiyo nisikilize kwa tahadhari. Kwa uzuri wa macho, Seven Sisters, yaani "dada saba", vile vilima saba vya chaki juu ya bahari, haina mpinzani. Jabali la jirani, Beachy Head, lina mita 162, chaki tupu, nyeupe kama kanzu ya Idi. Nyasi ni fupi na laini.

Ila ukingo hauna uzio, na chaki hubomoka bila kupiga hodi. Pilipili akimfukuza shakwe pale, ndiyo basi tena. Njia nayo ni shuka-panda, shuka-panda. Bosi atakaa chini kabla hamjamfikia dada wa tatu. Na ule ufuo wa chini, kati ya Birling Gap na Cuckmere Haven, msiuingie bila kujua saa za maji. Yakijaa, nyuma yenu ni jabali na mbele ni bahari.

Kinachonikera kwa upande wa kempa ni kwamba maegesho ya juu kule si ya kulala. Kila asubuhi mtafungasha vyombo, mchomoe umeme, mwendeshe, mzunguke kutafuta nafasi ya gari refu. Mimi ningekuja huku na gari dogo, siku moja.

DerevaMstaafu_Bristol
Exmoor. Nasema hivyo ingawa ndiko nilikoaibika.

Barabara ya A39 inapotoka Porlock kwenda Lynmouth kuna mlima wa asilimia 25. Kibao kimeandikwa, nimekisoma, nikasema nimeendesha lori Kitonga, hiki ni nini. Kona ya kwanza nikakutana na gari linashuka, nikasimama. Kuondoka tena, klachi ikaanza kunuka kama nywele zilizoungua, kabati likafunguka, na sufuria la pilau likatembea lenyewe kutoka jikoni hadi kitandani. Mke wangu hakusema neno mpaka Lynmouth. Kuna njia ya kulipia inayozunguka msituni, mteremko wake mpole. Lipeni.

Lakini mkishafika! Great Hangman ni mita 318, jabali la bahari refu kuliko yote England. Valley of Rocks kuna mbuzi mwitu wanasimama pahali ambapo hata ndege angefikiria mara mbili. Na kati ya Lynton na Lynmouth kuna reli ya kupanda jabali tangu 1890, haina injini: behewa la juu hujazwa maji, uzito wake unalishusha na kulivuta la chini. Nimekaa pale saa nzima natazama tu.

Kwa siku nne za likizo ya mbwa mzee, hata hivyo, sijui. Kule kila kitu kimesimama wima.

Bint_Lamu
Shikamoo mzee wa sufuria.

Kibibi, nenda Purbeck. Sababu si uzuri. Juma ana haki kwa hilo. Sababu ni kwamba Swanage, mji wa pwani wa huko, unaegesha mara moja tu. Unaweka kempa kambini, unachomeka umeme, na ufunguo unauficha mpaka Alhamisi.

Swanage kuna treni ya mvuke inayopita Corfe Castle, kijiji chenye magofu ya ngome, na mbwa wanaruhusiwa. Sisi hupanda asubuhi, tunashuka Corfe, tunaiangalia ngome (askari wa Bunge, waliokuwa wakipigana na mfalme, waliilipua 1646, na minara imebaki imeinama kama walevi), kisha tunarudi kwa miguu juu ya mgongo wa vilima: Nine Barrow Down, halafu Ballard Down, karibu mita 200 juu. Ni kama kilomita 10. Kushoto Poole Harbour na visiwa vyake, kulia mji na bahari. Ukishapanda ule mwinuko wa kwanza pale Corfe, mgongo wenyewe ni mpole.

Mawili ya kujua. Ufuo wa mjini Swanage hauruhusu mbwa miezi ya joto, someni vibao. Na kwa kuwa mnakwenda siku za kazi, njia za mashariki ya Lulworth Cove huenda zikawa zimefungwa, jeshi linapiga shabaha huko. Hufunguliwa wikendi nyingi. Durdle Door, lile tao la mwamba baharini, haimo katika eneo hilo, ila zile ngazi za kushukia ufukweni si za Bosi.

Rehema_Bandani
Nafanya kazi kwenye banda la mbwa, kwa hiyo haya yangu. Kwenye ardhi ya matembezi huria (ile ambayo yeyote anaruhusiwa kutembea hata nje ya njia) kamba isizidi mita 2 kuanzia 1 Machi hadi 31 Julai, na karibu na mifugo mwaka mzima. Pilipili asifunguliwe, hata kama "leo katulia". Ila ng'ombe wakiwafuata, achia kamba: mbwa atakimbia, wewe ndiye hutaweza. Jioni pitisha vidole ndani ya masikio, makwapani na kati ya kucha. Kupe wa Mei ni mdogo kama ufuta, na mimi nimeshamkuta kwenye kope.

Kibibi_Reading
Nawashukuru sana. Nimeshalipia kambi Swanage, usiku tatu. Siku ya mgongo mimi na Pilipili tutatembea, mzee wangu na Bosi watakunywa chai Corfe na kurudi na treni. Nilidhani angebisha. Amejibu kabla sijamaliza kuuliza.

Bint_Lamu
Angalia ratiba kwanza, treni hazitembei mpaka usiku.

DerevaMstaafu_Bristol
Na sufuria mlifunge kamba, hata kwa Purbeck.