Mama alipasuliwa tumbo, mshono unatoa usaha na sindano hazifui dafu

Kitindamimba: Wakuu, naombeni ushauri. Mama yangu, miaka 58, alipasuliwa siku 9 zilizopita baada ya kidole tumbo kupasuka. Bado amelazwa. Siku ya 5 homa ilianza, mshono ukavimba chini ya kitovu. Leo nilikuwepo akisafishwa kidonda: gozi imelowa usaha, nyuzi mbili zimeachia. Akitaka kukohoa anakumbatia tumbo kwa kanga aliyoikunja. Anachomwa sindano za antibayotiki, seftriaksoni, tangu siku ya kwanza, na joto bado ni 38.9. Shemeji anasema ninunue antibayotiki nyingine, ampiklox, dukani nimpe kimyakimya. Nifanyeje?

Nesi wa Zamu: Pole sana ndugu yangu. Ampiklox usimpe kabisa. Utumbo mpana umejaa bakteria kama E. koli na Klebsiela, na kidole tumbo kikipasuka wanamwagika tumboni. Baadhi yao wana kimeng'enya kinachovunja seftriaksoni, kwa hiyo huenda anachomwa dawa isiyowaua. Kesho daktari akipita raundi muulize: usaha umepelekwa maabara kuoteshwa? Majibu huchukua siku 2 hadi 3, na yanaonyesha ni mdudu gani na dawa ipi bado inammudu. Sampuli ichukuliwe kabla hawajabadilisha dawa.

Babu Mwaminifu: Mjukuu wangu, yalinikuta mwaka 2021. Karatasi ya maabara ilirudi na R karibu kila mstari, maana yake mdudu ni sugu kwa dawa hiyo: ampisilini, siprofloksasini, seftriaksoni. S, yaani dawa bado inammudu, ilikuwa kwa amikasini na meropenemu tu. Meropenemu ni ghali, tuliuza mbuzi wawili. Miaka yote nilikuwa nameza vidonge viwili vitatu vya dukani kila nikipata mafua, na mafua ni virusi, hayatibiwi kwa antibayotiki.

Kitindamimba: Mama naye ndiyo zake, babu. Asanteni.

Nesi wa Zamu: Omba pia ultrasaundi. Kama kuna jipu ndani, dawa peke yake haitoshi, usaha lazima utolewe. Na usiku huu, majimaji ya kidonda yakinuka kinyesi, tumbo likikakamaa, akihema haraka, akichanganyikiwa au mkojo ukipungua, usisubiri raundi. Mwite daktari wa zamu saa hiyohiyo.

Kitindamimba: Mrejesho. Usaha umepelekwa maabara saa 3 asubuhi. Ultrasaundi imeonyesha jipu upande wa kulia, chini. Anaingia thieta mchana huu kutolewa. Shemeji nimeshamwambia hapana.